Mume wangu anataka nchi sita, mama mkwe ana magoti

SWALI

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Munich na mume wangu, wote tuna ukaazi wa kudumu. Mwishoni mwa Julai mama mkwe anakuja kutoka Tanga. Ukiacha Hija, hajawahi kutoka nje ya Tanzania. Visa ya Ujerumani ameshapata na nyumba imechangamka, hata watoto siku hizi wanaamkia kwenye simu bila kusukumwa.

Tatizo ni mpango wa baba watoto. Ameubandika kwenye friji. Tunakodi gari la watu tisa, tunaondoka Jumamosi ya kwanza ya Agosti, siku 12: Uswisi, Italia tuione Venice, Slovenia, Kroatia mpaka Dubrovnik, tuingie Bosnia tukaone daraja la Mostar, turudi kwa Austria. Karibu kila usiku hoteli mpya, na siku nyingine tunaendesha usiku kucha ili kuokoa hela ya kulala. Anasema mama akirudi Tanga awe na la kusimulia. Atakayempokezana usukani ni mdogo wake, aliyehamia Cologne mwaka jana na bado anatumia leseni ya Tanzania. Ni dereva mzuri, simnyimi sifa yake, ameendesha malori. Mimi leseni ya hapa ninayo, ila naogopa yale mahandaki ya milimani.

Mama ana miaka 68, ana sukari na anajichoma sindano, na magoti yanamsumbua. Mwanawe akimweleza mpango anajibu, "Sawa mwanangu, popote utakaponipeleka." Lakini juzi tulipobaki wawili kwenye simu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi huko kwenye gari kuna choo?"

Nilijaribu kusema mama atachoka. Mume wangu akanyamaza, halafu akasema, "Mama yangu namjua mimi." Wifi zangu wote wako kwenye kundi la WhatsApp la safari hii. Ikipunguzwa hata nchi moja, itasemwa mke ndiye aliyemnyima mama mkwe matembezi. Na shemeji anasema mchango wake atautoa tukirudi. Nifanyeje?

Mkwe wa Tanga, Munich

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Mama mkwe wako ameshatoa maoni yake kuhusu mpango huu, ila ametoa kwa mtu asiye na mamlaka ya kuubadilisha. Na wewe una haki ya kuogopa. Mkwe akisema "mama hawezi", neno linafika Tanga likiwa "mama asiende". Kwa hiyo suala la afya ya mama usiligombanie kabisa. Mwachie mwanawe. Wewe shika karatasi na ramani. Karatasi haina wifi wa kuisema.

Anza na visa. Mwombe mama apige picha ule ukurasa wa pasipoti wenye stika ya visa, akutumie. Tafuta mahali palipoandikwa idadi ya kuingia. Kama pameandikwa MULT, anaruhusiwa kuingia na kutoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja, mara nyingi. Kama pameandikwa 01, anaingia mara moja tu. Ujerumani, Austria, Uswisi, Italia, Slovenia na Kroatia zote zimo ndani ya Schengen (Kroatia iliingia Januari 2023), kwa hiyo humo anatembea kwa visa hiyo hiyo moja. Bosnia haimo. Siku mama atakapovuka kwenda Mostar atakuwa ametoka, na 01 yake imekwisha. Jioni mkirudi mpakani, nyinyi wenye vibali vya ukaazi mtapita, yeye atazuiwa upande wa Bosnia na sindano zake, na tiketi yake ya kurudi nyumbani inaondokea Ujerumani. Mpelekee mume wako picha hiyo bila hotuba. Mwulize tu, "Hii 01 maana yake nini?" Atatafuta mwenyewe, na Mostar ataifuta kwa mkono wake.

Na hata mkiwa na MULT, msiipeleke Bosnia gari ya kukodi kabla hamjasoma mkataba. Kampuni nyingi zina orodha ya nchi ambazo gari haliruhusiwi kuingia, na ukiingia bila ruhusa bima haikulindi. Kama bado kuna anayeota Dubrovnik, mwambieni aangalie GPS inampitisha wapi. Barabara ya zamani ya pwani inakatiza Neum, kipande kidogo cha Bosnia kinachogusa bahari. Tangu 2022 kuna daraja la Pelješac linalokwepa kipande hicho, lakini GPS haijui visa ya mama yako ikoje.

Kwenye stika hiyo hiyo soma idadi ya siku za kukaa. Watu husoma tarehe ya mwanzo na ya mwisho wakadhani zote ni zao. Visa inaweza kuwa wazi kwa siku 45 huku aliyepewa akiruhusiwa kukaa 30 tu ndani yake. Na sasa siku hazihesabiwi kwa mihuri pekee. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya nje ya Schengen imeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaoandika kuingia na kutoka kwa picha na alama za vidole. Bima ya safari aliyoombea visa isomeni pia. Sharti la Schengen ni ilipie matibabu yasiyopungua yuro 30,000 katika nchi zote za eneo hilo. Mwenye sukari aangalie kama ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani umo au umeachwa nje.

Usije ukaambiwa siku hizi mipaka haina watu. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na Slovenia ilianza tena kukagua upande wa Kroatia Oktoba 2023. Mara nyingi utapungiwa mkono upite. Siku utakayosimamishwa, ukiwa na gari la watu tisa lililojaa Waafrika na mabegi juu mpaka chini (na tusidanganyane, mtasimamishwa), kila mmoja awe na pasipoti halisi mkononi na nyinyi wakaazi muwe na kadi zenu. Picha ya pasipoti kwenye simu si pasipoti.

Sasa shemeji yako. Hapa sina maneno ya kupamba. Ujerumani inamruhusu mgeni aliyehamia aendeshe kwa leseni ya nchi isiyo ya Ulaya kwa miezi 6 tu tangu aanze kuishi huko. Yeye alihamia mwaka jana. Ikipita miezi hiyo, leseni ya Tanzania haimruhusu tena kuendesha, na kuendesha hivyo ni kosa la jinai kwake na kwa anayemwachia gari huku akijua. Malori aliyoendesha hayamsaidii. Leseni yetu haimo kwenye orodha ya zile zinazobadilishwa bila mtihani, kwa hiyo atafanya wa nadharia na wa barabarani kama mwanafunzi mwingine yeyote. Akiwa kwenye usukani usiku wa manane, mama amelala nyuma na mtu akawagonga, hata kama kosa ni la aliyegonga, hapo ndipo mtakapojua bima inasoma nini kwanza. Mweleze mume wako hili kama suala la mdogo wake kuharibu karatasi zake za ukaazi. Atalisikia haraka kuliko suala la usalama.

Bila shemeji, dereva wa pili ni wewe. Nimesoma kwamba unaogopa mahandaki. Basi jina lako liandikwe kwenye mkataba siku ya kuchukua gari, kwa sababu asiyeandikwa haruhusiwi kuendesha, halafu vipande vya mahandaki mwachie mume. Wewe chukua nchi tambarare na asubuhi. Leseni yako ya kawaida ya daraja B inatosha kwa gari la abiria 8 na dereva, ilimradi uzito wake ulioruhusiwa usizidi tani 3.5. Usiku mlale wote. Dereva mmoja na nusu hawezi kuendesha usiku kucha kisha mchana akaongoza watalii.

Turudi kwenye friji. Mzunguko aliouchora ni zaidi ya kilomita 2,500, na Agosti huwezi kuzihesabu kama kilomita za mwezi wa Februari. Uswisi haiko njiani kwenda Kroatia. Mnaizunguka ili muisimulie tu. Kuipita kwa barabara kuu kunataka vinyeti, ule ushuru unaolipwa kwa muda, na Uswisi haina ya wiki. Ni ya mwaka mzima, faranga 40, hata kama unapita mchana mmoja. Handaki la Gotthard lina urefu wa karibu kilomita 17, njia moja kwenda na moja kurudi, na Jumamosi za kiangazi foleni yake inaanzia mbali kabla hujaliona. Isitoshe Uswisi haimo kwenye utaratibu wa Umoja wa Ulaya wa simu bila gharama ya ziada. Video za mama akiwa milimani zikitumwa kwenye kundi, bili itakuja yenye picha nzuri kuliko milima.

Venice namwonea huruma mume wako kwa sababu ni mji wa kuonwa kweli. Lakini ni mji wa kutembea, gari linaachwa mlangoni, na madaraja yake mengi ni ngazi za kupanda na kushuka. Mtu wa magoti atauona kutoka kwenye benchi moja. Kuna treni ya moja kwa moja kutoka Munich hadi Venice. Mwende wawili, mwezi wa Oktoba, watoto wabaki na shemeji, naye atakuwa amesaidia.

Zinabaki Austria, Slovenia na Kroatia, na hapo ndipo penye safari. Mimi ningeipanga hivi. Msitoke Jumamosi. Jumamosi ya kwanza ya Agosti Bavaria imefunga shule, na nusu ya Ujerumani ya kusini inaelekea handaki la Tauern, huko Austria, pamoja nanyi. Tokeni Jumanne alfajiri. Munich hadi Bled, Slovenia, ni kama kilomita 360 kupitia Salzburg na Villach. Ni safari ya nusu siku ikiwa barabara ni wazi, nanyi ihesabuni kuwa ya siku nzima kwa sababu mtasimama. GPS ikikwambia utoke barabara kuu upite vijijini kukwepa foleni wikendi, usiitii bila kuangalia vibao. Mikoa kadhaa ya Austria hufunga njia hizo za mkato kwa wapitaji wikendi za kiangazi, na polisi anakurudisha ulikotoka.

Bled kaeni usiku 3 mahali pamoja. Ziwa lina njia ya kuzunguka, karibu tambarare, kama kilomita 6, na kuna magari ya farasi kwa asiyetaka kutembea. Mashua za kupiga makasia zinazoitwa pletna zinakwenda kisiwani. Kisiwani kuna ngazi 99 za kupandia kanisani. Mama apande mashua, ngazi awaachie wajukuu. Kisha mteremke kwenda baharini mkipitia Postojna, pango ambalo unaingia ndani yake kwa treni dogo. Sehemu ya kutembea kwa miguu ni kama kilomita moja na nusu, ina miinuko, na ndani ni nyuzi 10 hata Agosti. Mama akitaka kuingia, sweta na viatu visivyoteleza. Asipotaka, mmoja abaki naye kwenye kahawa. Wasimchukulie uamuzi huo.

Baharini wekeni kambi usiku 6 au 7 kwenye ghuba ya Kvarner, msishuke hadi Split wala Dubrovnik. Napendekeza Crikvenica, kwa kuwa maji yake ya kando ni ya kina kifupi na pana mchanga. Pwani nyingi za Kroatia ni mawe na zege zenye ngazi ya chuma ya kushukia majini, na kuna viumbe wenye miiba mirefu kama wa kwetu, kwa hiyo wanunulie wote viatu vya majini. Siku moja nendeni Opatija, ambako njia ya kando ya bahari imejaa benchi na vivuli. Ijumaa mkaswali Rijeka, ambako kuna msikiti mpya uliofunguliwa 2013. Ljubljana nayo ina wake, uliofunguliwa 2020. Chakula hakitawasumbua. Tafuteni mgahawa wa Wabosnia, muulize kwanza kama nyama ni halali maana si wote, kisha agizeni ćevapi. Ni vipande vya nyama ya kusaga vilivyochomwa kwenye makaa, vinaletwa ndani ya mkate wa duara na vitunguu vibichi vilivyokatwakatwa. Mama ataona mishikaki iliyopotelewa na vijiti, na pilipili yake ya kwenye chupa itapata kazi.

Gari lenyewe lina mtego mmoja. Slovenia inauza vinyeti kwa madaraja, na gari lenye kimo cha mita 1.3 au zaidi juu ya ekseli ya mbele ni daraja la 2B, ghali kuliko 2A ya magari madogo. Magari mengi ya watu tisa yana pua ndefu kwenda juu. Ulizeni mkikabidhiwa gari, au pimeni wenyewe, maana ukinunua ya daraja la chini ni sawa na kutonunua. Austria nayo ina vinyeti yake, lakini handaki la Tauern na lile la Karawanken, la kuvukia kwenda Slovenia, mnalipia tofauti. Kroatia unachukua tiketi ukiingia barabara kuu na unalipa ukitoka, kulingana na umbali. Vinyeti nunueni kwenye tovuti rasmi za mamlaka za barabara. Kuna wauzaji wa kati wengi wanaojitokeza juu kabisa ukitafuta, na wanaongeza cha kwao.

Swali la choo lijibu wewe mwenyewe, na ulijibu mapema: "Mama, tutasimama kila saa moja na nusu, hata kama hakuna anayetaka." Halafu msimame kweli. Kwenye vituo vya barabara kuu za Ujerumani unaweka sarafu kwenye kizuizi ndipo ufunguke. Mpe mama pochi ndogo ya sarafu iwe yake, asiombe hela ya choo kwa mwanawe. Insulini isiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani, wala isigusane na barafu. Iende na mkoba wa baridi begani kwako. Dawa zibaki kwenye maboksi yake, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Hotpoti ya wali na maandazi iwe karibu, kwa sababu foleni haiulizi kama mtu amekula. Mkipanga vyumba Kroatia, ulizeni ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti. Nyumba nyingi za kupangisha pwani ziko mlimani, na tangazo linaonyesha bahari, halionyeshi ngazi.

Hayo yote yakishakaa mezani, mwache mume wako ndiye ayatangaze kwenye kundi kama mpango wake mpya. Wifi zako wasikie kwa kaka yao kwamba mama anakwenda nchi tatu na atakaa ufukweni wiki nzima.

Kuhusu shemeji, "tukirudi" si tarehe. Jumlisheni kukodi gari, vyumba, mafuta, barabara na mahandaki, mama na watoto mkiwaweka upande wenu, kisha mpelekeeni kiasi chake na siku ya mwisho, kabla ya kulipia vyumba. Amana ya gari inazuiliwa kwenye kadi ya mume wako, kwa hiyo hatari ya gari ni yenu tayari. Ya vyumba abebe kidogo na yeye. Akishindwa kulipa kufikia siku hiyo, kodini gari la watu saba. Mko sita, mtaenea, mabegi yakipungua, na huenda hata Slovenia mkalipia daraja la 2A.